Karatasi za Miwa: Miaka 50 ya Sony Sugar Ikitazamwa kutoka Uriri

Ukitoka Awendo kuelekea Migori kwa barabara kuu ya Isebania, hutajua umeingia Uriri lini. Miwa inaendelea pande zote mbili za lami, ikakatizwa na mahindi hapa, mihogo pale, kisha miwa tena. Trekta inayokokota matela yaliyosheheni haibadilishi mwendo. Mpaka uko kwenye ramani ya uchaguzi, shambani haupo. Kata zote tano za Uriri zinabeba jina moja la kale, Kanyamkago, zikitofautishwa kwa dira tu: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi na Kati. Lakini kwa nusu karne, jina lililopanga kalenda ya watu wa huku limekuwa la kampuni: Sony.

Mgeni akilisikia hudhani tunazungumzia redio za Wajapani. Ni kifupi cha South Nyanza, yaani Nyanza Kusini, wilaya kubwa iliyogawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikazaa Homa Bay na Migori. Wilaya imekwisha, jina limebaki kwenye mfuko wa sukari.

South Nyanza Sugar Company iliandikishwa mwaka 1976. Mwaka huu wa 2026, basi, inatimiza miaka 50, na inaitimiza ikiwa mikononi mwa mpangaji. Historia za kumbukumbu kwa desturi huandikwa kutoka ofisi ya meneja: picha za wakurugenzi, mkubwa akikata utepe, jedwali la tani. Hii nimeiandika nikiwa nimesimama upande wa Uriri, kwa sababu huku kampuni haikuwa bomba la moshi. Ilikuwa karatasi.

Kwanza tuseme ilivyokuja. Kenya haikuanzia sukari Awendo. Miwani, karibu na Kisumu, ilianza kusaga mwaka 1922, na Ramisi huko Kwale ikafuata. Vyote viwili vilikuwa viwanda vya watu binafsi. Baada ya uhuru serikali ikaingia yenyewe: Muhoroni, Chemelil, Mumias mwaka 1973, Nzoia 1978, kisha Awendo, ambako usagaji ulianza 1979. Kampuni iliandikishwa enzi za Kenyatta ikawasha mitambo enzi za Moi. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ndio uliokuwa ukinukuliwa kila ilipobidi kueleza kwa nini serikali inamiliki biashara. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Wakenya walikunywa chai yenye sukari nyingi, sukari ya kigeni ilikula fedha za kigeni, na Nyanza Kusini ilikuwa na mvua na mikono.

Hisa karibu zote, kama asilimia 99, zikawa za serikali. Lakini usidhani makatibu wa wizara ndio waliokaa kwenye mitambo. Mwanzoni uendeshaji ulikabidhiwa kundi la Mehta, wale wale walioanzisha kiwanda cha Lugazi nchini Uganda mwaka 1924 na kukipoteza Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Mumias nayo iliendeshwa na Booker, kampuni ya Waingereza. Kwa hiyo mstari kati ya mali ya umma na mali ya mtu binafsi ulichorwa kwa penseli tangu siku ya kwanza, na wanaotuambia leo kwamba mwaka 2025, kiwanda kilipokodishwa, ndipo soko lilipoingia Awendo hawajafungua faili za zamani.

Ardhi ya kiwanda na ya shamba kuu ilitwaliwa kutoka kwa familia za Sakwa, upande wa Awendo. Fidia ile, pamoja na vipande ambavyo havikuwahi kuota muwa hata mmoja, bado ni maneno ya kila mkutano wa chifu. Watu wa Uriri wengi walisalia na mashamba yao. Waliitwa wakulima wa nje, jina ambalo ukilitafakari lina ukweli mchungu: nje ya lango, nje ya bodi, nje ya hesabu, ila miwa yao ndani.

Karatasi ya kwanza ilikuwa mkataba. Ulikuwa wa Kiingereza, na kiini chake kimesomwa mahakamani mara nyingi kiasi kwamba mawakili wa Migori wanakijua kwa moyo: utadumu miaka mitano, au hadi mmea wa kwanza na machipukizi mawili yavunwe, lolote litakalotangulia. Kampuni ililima, ikaleta mbegu na mbolea, mkulima akapalilia, kampuni ikakata na kusafirisha. Kisha ikapima. Kisha ikakata tena, safari hii kwenye pesa. Kulima, mbegu, mbolea, ukataji, usafiri, riba, vyote vilitangulia kutoka kabla mkulima hajaona shilingi. Mwenye shamba dogo lililo mbali na mizani aliweza kupokea hati inayosema kwamba, baada ya karibu miaka miwili ya kungoja, yeye ndiye mdaiwa.

Hata hivyo watu waliipenda kampuni, na historia ya kweli haiwezi kulificha hilo. Muwa wa Nyanza Kusini hutegemea mvua na huchukua miezi 18 hadi 24 kukomaa. Muda huo ulijenga desturi nzima. Mwenye duka aliandika deni kwenye daftari akijua litalipwa miwa ikivunwa. Ada ya shule, bati la nyumba, ng'ombe wa mahari, vyote vilisubiri trekta ile ile. Kampuni ilikuwa na zahanati na shule, na barabara za mashambani zilichongwa kwa fedha za ushuru wa maendeleo ya sukari uliotozwa kwenye kila mfuko. Serikali kwa mtu wa Kanyamkago haikuwa Nairobi. Ilikuwa Awendo, na ilikuja na greda.

Upande wa pili wa kupenda huko ulionekana jikoni. Shamba lililokuwa la mtama, wimbi na karanga likawa la muwa, na unga ukaanza kununuliwa. Mkataba uliandikwa kwa jina la mwenye ardhi, ambaye mara nyingi alikuwa mume. Mwenye jembe mara nyingi alikuwa mke. Pesa ikilipwa Awendo, safari kutoka Awendo hadi nyumbani ilikuwa na vituo vingi vyenye muziki. Nani asiyejua nyumba ambayo miwa iliivunja?

Hapa naomba niingize mambo ya tumbaku, maana bila hiyo Uriri haieleweki. Huko Oyani, soko lililo ndani ya Uriri, kampuni ya tumbaku ya BAT ilikuwa na kituo chake cha majani. Huko nako kulikuwa na karatasi: kampuni ikatoa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, mkulima akakausha majani kwenye tanuri kwa kuni zilizomaliza miti ya vilima, kampuni ikapanga daraja la jani na kukata deni lake kwanza. Mkulima wa Uriri aliweza kuwa na mikataba miwili chini ya godoro moja, wa shirika la umma na wa kampuni ya kibinafsi yenye asili London. Iweke mmoja juu ya mwingine na utaona imeshonwa kwa kiolezo kimoja. Mwenye kukopesha pembejeo ndiye mwenye mizani, na mwenye mizani ndiye mwenye kusema bei. Ndiyo maana mimi huchoka mapema watu wanapobishana kama mwenye kampuni awe serikali au tajiri. Swali la Uriri limekuwa lile lile kwa miaka 50: mizani iko kwa nani? (Mwaka 2022 mashirika ya WHO, FAO na WFP pamoja na serikali walianzisha Migori mradi wa kuwahamisha wakulima kutoka tumbaku kwenda maharagwe yenye madini ya chuma. Maharagwe nayo yatapimwa.)

Soko huria lenyewe halikupiga hodi kwa siku moja. Zamani sukari ya Awendo haikuuzwa na Awendo. Ilipita kwa KNTC, shirika la taifa la biashara, ambalo liliwapa wafanyabiashara vibali vya usambazaji, na bei ilitangazwa na serikali. Kibali hicho kilikuwa mtaji mkubwa kuliko duka lenyewe. Mwaka 1986 ukaja Waraka wa Kikao Nambari 1, uliosema kwa lugha ya upole kwamba serikali itapunguza mikono yake kwenye uchumi, na nyuma ya upole huo walikuwepo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa na mikopo yao yenye masharti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 udhibiti wa bei ya sukari ukaondolewa na ukiritimba wa KNTC ukafa. Mwaka 1992 serikali ikatangaza orodha ya mashirika 240 ya umma, ikasema 207 si ya lazima kwake na yatauzwa.

Homa Bay walikuwa wameshaonja soko huria kwenye pamba. Bodi ya pamba ilipovuliwa mamlaka yake mwaka 1991, tuliambiwa wanunuzi watashindana na bei itapanda. Kilichotoweka kwanza ni mbegu na dawa, kwa sababu hakuna mnunuzi wa kibinafsi aliyekubali kumkopesha mkulima atakayemuuzia jirani yake. Wakulima wakang'oa pamba, vinu vikanyamaza. Mtu mzima wa Homa Bay hukuonyesha jengo la kuchambulia pamba kama anavyokuonyesha kaburi la mjomba.

Mwaka 2000 Kenya ilijiunga na eneo huru la biashara la COMESA, na hapo ndipo bei ya Awendo ilipokutana na bei ya watu wengine. Nchi kama Malawi, Zambia na Eswatini humwagilia miwa yao maji na kuvuna kila mwaka. Sisi tunangoja miezi 18 na zaidi, kisha tunaivuta kwa trekta kwenye njia yenye matope. Serikali ikaomba kinga dhidi ya sukari yao, ikapewa, ikaomba nyongeza, ikapewa tena. Kinga hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20, hadi mwishoni mwa 2025. Ilikusudiwa kununua muda wa kukarabati viwanda. Muda ulinunuliwa. Ukarabati haukufanyika, na kulaumu COMESA kwa hilo ni kumlaumu jirani kwa moto uliouwasha mwenyewe. Kiwanda chenye uwezo wa kusaga takriban tani 3,000 kwa siku kilikuwa kikisimama kwa kukosa vipuri, na kikishasimama, kikakosa miwa, kwa sababu miwa ilishaondoka.

Iliondoka kwenda wapi? Kuanzia mwaka 2011 hivi viliinuka viwanda vya kibinafsi karibu nasi: Transmara upande wa Kilgoris, na Sukari Industries Ndhiwa, ndani ya Homa Bay. Kwa mkulima wa Uriri huu ulikuwa wakati wa kupumua. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mnunuzi wa pili, na mnunuzi huyo alilipa kwa siku badala ya miezi. Atakayekuambia kwamba ushindani haukumsaidia mkulima hakuwa na miwa iliyokauka shambani wakati huo. Malori yalikuja usiku, dalali akiwa mbele kwa pikipiki. Palikuwa pia na mashine za sukari nguru, ambazo zilinunua hata muwa mchanga.

Lakini tazama ilivyofuata, maana ni pamba kwa mara ya pili. Muwa uliolimwa kwa trekta ya Sony na mbolea ya Sony ulisagwa kwingine, na mkopo ukabaki kwenye vitabu vya Awendo. Kampuni ikaacha kukopesha. Asiyekopeshwa hapandi, au anapanda bila mbolea. Tani kwa ekari zikashuka. Viwanda vyote vitatu vikaanza kugombea miwa michanga, na muwa mchanga hauna sukari. Soko lilimpa mkulima bei nzuri ya muwa alionao na likamnyang'anya njia ya kupata muwa mwingine.

Wengine walienda mahakamani. Ukisoma hukumu za Mahakama Kuu ya Migori utakuta kesi baada ya kesi yenye kichwa kile kile, South Nyanza Sugar Company dhidi ya mkulima fulani, na hoja ile ile: kampuni ilisaini, haikuja kuvuna, muwa ukaharibika. Mkulima aliyeleta mkataba wake aliweza kudai mmea wa kwanza na machipukizi yake mawili. Aliyekuwa ameipoteza karatasi ile alikuwa na hadithi tu. Sijui nchi nyingine ambamo historia ya kilimo imeandikwa kwa uaminifu zaidi na makarani wa mahakama kuliko na wizara.

Nimechelewa kufika kwenye mpira, na huko Awendo hilo ni kosa. Mwaka 2006 timu ya kampuni, Sony Sugar, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, taji lililozoea kulala Nairobi au kwenye kambi ya jeshi. Wachezaji walikuwa wa kampuni, uwanja ulikuwa wa mji, na matatu kutoka Uriri, Rongo na Migori zilijaa Jumapili. Karibu kila kiwanda cha sukari kilikuwa na timu yake. Chemelil, Mumias, Muhoroni, Nzoia, zote zilipata kucheza soka kubwa. Kijana wa shambani aliyekosa ada alikuwa na mlango mwingine, mguu wake. Kwenye daftari la mhasibu mpira ni gharama, wala simlaumu mhasibu, hiyo ndiyo kazi yake. Pesa zilipokauka timu ikaanza kukosa mechi. Novemba 2019 ilifukuzwa ligini kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Haikufungwa mabao. Haikuwa na nauli.

Miezi miwili kabla ya hapo, Septemba 2019, Mumias iliwekwa chini ya mrasimu na benki ya KCB. Hiyo ndiyo iliyokuwa mwanafunzi bora wa ubinafsishaji: hisa zake ziliuzwa kwa umma katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2001, na kwa miaka kadhaa tuliambiwa tuige. Ilianguka vibaya kuliko zile za serikali. Mwishoni mwa 2021 ikakodishwa kwa kundi la Sarrai la Uganda.

Sony yenyewe ilikaa kwenye foleni ya kuuzwa zaidi ya miaka 15. Sheria ya ubinafsishaji ya 2005 ilianza kazi 2008, tume ikaundwa, na mpango ukawa kumuuzia mwekezaji asilimia 51 ya hisa, na sehemu nyingine kuwatengea wakulima na wafanyakazi. Serikali za kaunti zilipoundwa mwaka 2013 zikapinga, zikisema kilimo ni chao. Sheria mpya ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka uliofuata. Miaka yote hiyo deni lilizaana, mishahara ilichelewa, chama cha wafanyakazi wa mashamba ya miwa kikagoma, kikarudi, kikagoma tena.

Mei 2025 Waziri wa Kilimo Mutahi Kagwe akatangaza njia ya tatu. Viwanda vinne vya serikali havitauzwa, vitakodishwa kwa miaka 30: Nzoia kwa West Kenya, Chemelil kwa Kibos, Muhoroni kwa West Valley, na Sony kwa Busia Sugar Industry. Ardhi inabaki ya umma. Wafanyakazi wa zamani wakabaki wakidai malimbikizo yao kwa serikali, si kwa mpangaji. Sheria ya Sukari ya 2024 ilikuwa imeshairudisha Bodi ya Sukari ya Kenya na ushuru wa maendeleo, sasa kwa asilimia 4.

Mimi naona ukodishaji ni afadhali kuliko mnada, kwa sababu ardhi ya Sakwa haiwezi kuandikwa hati mpya mtu akiwa amelala. Lakini kuna kitu kilichopotea njiani bila matanga. Mpango wa zamani, kwa ubovu wake wote, ulikuwa na hisa ya mkulima. Ukodishaji hauuzi hisa, kwa hiyo ahadi hiyo haikupata mahali pa kukaa, na sijasikia kiongozi wa Migori wala Homa Bay akiiulizia. Mkulima wa nje ameingia nusu karne ya pili akiwa bado nje.

Uriri ya leo haifanani na ile ya 1979. Hati ya malipo inakuja kwenye simu. Dalali ana namba za viwanda vitatu. Kijana ambaye baba yake alingoja trekta ya kampuni ana pikipiki na hangoji mtu. Neno "kampuni" likitajwa, wazee humaanisha Sony peke yake. Vijana huuliza, kampuni gani?

Muda wa mpangaji utaisha 2055. Wakati huo wengi wa waliosaini mikataba ya kwanza hawatakuwepo, na kampuni inayobadilisha mikono hupoteza masanduku. Kwa hiyo ombi langu kwa nyumba za Kanyamkago na Sakwa ni dogo. Mwenye mkataba wa miaka ya themanini, mwenye stakabadhi ya mizani, mwenye barua ya fidia ya ardhi hata kama imeliwa na mchwa pembeni, asiiwashie moto. Mpe mwanao aipige picha leo, kisha uirudishe chini ya godoro.